Moyo wa Kufundishia

Ipo nchi moja. Msiniulize jina lake wala iko upande gani wa ramani, maana mkishajua mtasema namsema mtu, na mimi simsemi mtu. Ni nchi nzuri. Ina milima, ina mvua za kutosha na mawaziri wa kutosha, na katika kanda yake ya magharibi kuna hospitali ambayo wananchi wanaipenda sana, hasa wale ambao hawajawahi kulazwa humo.

Jina lake kamili ni Hospitali Kuu ya Rufaa na Kufundishia ya Kanda ya Magharibi. Historia yake hufundishwa kwa wanafunzi wa udaktari mwaka wa kwanza, kabla hawajafundishwa mifupa. Huambiwa kwamba ilianzishwa na Rais wa Kwanza, aliyeweka jiwe la msingi. Kisha ikaanzishwa na Rais wa Pili, aliyeweka jiwe la msingi. Na hivyo hivyo mpaka wa Nne, na wakati wa habari hizi ilikuwa mbioni kuanzishwa na wa Tano. Mawe yote yamepangwa pale mbele, yamepakwa chokaa, na mgonjwa akiletwa kwa machela sharti azungushwe kuyapita, kwa sababu njia ya mkato ilizibwa na jiwe la tatu. Jambo ambalo halifundishwi ni kwamba kabla ya mawe palikuwa na banda la kuhifadhia chumvi, na mkunga mmoja ambaye jina lake limesahaulika, aliyekuwa akizalisha wanawake humo juu ya magunia. Huyo hakuweka jiwe. Alikuwa na shughuli.

Kazi za hospitali hiyo ni tatu, zimeandikwa ukutani kwa rangi ya bluu: kutibu, kufundisha na kupokea wageni. Wageni wakija, kufundisha kunasimama. Kufundisha kukianza, kutibu kunasimama. Ndivyo walivyopanga watu wanaojua kupanga, na sisi ni nani tuwahoji.

Basi, katika wodi namba tatu, kitanda cha dirishani, alikuwa akiishi mzee mmoja anaitwa Chamwingo. Nimesema akiishi, na sikukosea. Alikuwa na miaka kumi na tisa mle ndani.

Chamwingo alikuwa fundi baiskeli. Alifika hospitalini akiwa na umri wa miaka thelathini na minane, akisukuma baiskeli yake mwenyewe kwa sababu pumzi za kuiendesha hakuwa nazo. Wakampima, wakamwambia mlango mmoja wa moyo wake umebana, damu inapita kwa taabu. Alielewa upesi. Valvu za tairi zilizoziba alikuwa anazizibua kila siku.

"Ni kazi ya muda gani?" aliuliza.

"Wiki mbili tu," wakamjibu. "Utapanuliwa huo mlango, utarudi kwa mkeo."

Kwa bahati mbaya, profesa wa wakati ule alipita kwenye raundi, akaweka stetoskopu kifuani kwa fundi, akafumba macho, akatabasamu. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mioyo mingine yenye ugonjwa huo hunong'ona, na daktari lazima abahatishe. Moyo wa Chamwingo ulikuwa unatamka. Lab, halafu tik, halafu mvumo wa chini, mrefu, kama gurudumu linalogusa breki. Profesa aliita wanafunzi wote, akaita na wapishi waje kusikia.

Matibabu yakaahirishwa mpaka mitihani ipite. Mitihani ikapita, wakaja wanafunzi wengine, nao walikuwa na mitihani yao. Mwaka wa nne Bodi ikaona kuna utata wa kisheria, kwamba huyu mtu anaulizia ulizia lini atarudi nyumbani. Ikapitisha asajiliwe kuwa kifaa cha kufundishia, kwa kuwa kifaa hakiombi ruhusa. Akapewa namba, 0017, ikaandikwa kwa rangi nyekundu kwenye kitanda chake na mgongoni kwenye shati la wodini. Katika daftari la mali yuko kati ya mifupa ya plastiki na projekta mbovu. Kila mwezi wa sita wakaguzi huja, humtazama, huweka alama ya vema. Mwaka juzi waliandika: "Hali yake nzuri, imechakaa kidogo."

Msidhani alinyimwa huduma. Alipewa vidonge vya kupunguza maji mwilini, kwa kiasi kilichopimwa kitaalamu: visizidi, mvumo ukapungua, visipungue, kifaa kikapotea. Dozi hiyo ilikuwa na jina rasmi. Iliitwa dozi ya kulinda sauti.

Na hapa niwaambie siri ambayo nchi nzima ya madaktari inaijua na hakuna aliyewahi kuitamka. Kila mwezi wa kumi na moja, watahiniwa sitini walipanga mstari mbele ya kitanda namba 0017. Mtahini alisimama kichwani, mtahiniwa kifuani, jasho linamtoka. Chamwingo aliwaonea huruma. Miaka yote hiyo alikuwa akiazima stetoskopu za wanafunzi mchana, akajisikiliza mwenyewe, akasikiliza kila kifua kilichoingia wodini, mpaka masikio yake yakawa makali kuliko ya waliokuwa wakimfundishia. Kwa hiyo akaanzisha utaratibu. Blanketi la serikali ni fupi, vidole vya miguu vinabaki nje. Kidole gumba cha kushoto kikiinuka, maana yake umepatia, endelea. Cha kulia kikiinuka, maana yake funga mdomo hapo hapo, unataka kuharibu.

Wanafunzi wakarithishana habari hiyo mwaka hadi mwaka. Watahini nao waliijua, maana walipita kwa njia hiyo hiyo. Kwa hiyo hapakuwa na daktari katika nchi ile, awe wa jeshini, wa bungeni au wa ikulu, ambaye hajawahi kuweka sikio kifuani kwa fundi baiskeli na jicho miguuni kwake. Mkurugenzi mwenyewe wa hospitali, Profesa Mtengeti, aliinuliwa kidole cha kulia mara mbili siku ya mtihani wake. Baadaye aliandika kitabu, na sauti ile akaipa jina. Inaitwa Mvumo wa Mtengeti.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa mpaka alipohamia daktari mmoja wa kike, Nasikiwa. Alikuwa amesomea nchi nyingine, kwa hiyo alikuwa hajui mambo. Asubuhi yake ya kwanza wodini alimsikiliza Chamwingo, na badala ya kuita wanafunzi akamuuliza swali.

"Baba, unalala na mito mingapi?"

Chamwingo alimtazama. Hakuna aliyewahi kumuuliza. "Minne," alisema. "Zamani ilikuwa miwili. Nikilala chini naona kama nazama."

Nasikiwa akabonyeza muundi wa mguu wake kwa kidole. Pakabaki shimo, na shimo lile likakaa kama lililobonyezwa kwenye unga uliokandwa. Akaketi kitandani, jambo ambalo madaktari wa pale hawalifanyi.

"Nani anakutibu, baba?"

"Kunitibu? Mimi mwanangu ni wa kufundishia."

Yule binti hakucheka. Alimwambia ukweli bila kuuzungusha: moyo umechoka, na ule mlango usipopanuliwa, mvua za mwaka huu zikiisha naye atakuwa amekwisha. Lakini ipo njia. Wiki ya Jubilei ya miaka sitini ya hospitali itakuja kambi ya madaktari bingwa wa moyo, watapasua wagonjwa saba. Majina sita yamepatikana. Nafasi moja iko wazi.

Miaka kumi na tisa Chamwingo alikuwa amejifunza kutotaka. Sasa alitaka, na alitaka vibaya sana.

Nasikiwa aliandika barua, na Kamati ya Mali na Maadili ikakaa. Profesa Mtengeti alisimama, akakunja miwani, akasema maneno ambayo yamehifadhiwa kwenye kumbukumbu za kikao.

"Ndugu wajumbe, suala lililo mbele yetu ni zito na lina mapana yake. Daktari wetu kijana anapendekeza tumtibu mgonjwa. Wazo hili, likitazamwa kwa ujumla wake, si baya. Wapo wanaolifanya. Lakini tujiulize, tukimtibu Chamwingo leo, taifa litajifunzia kwa nani kesho? Tuko tayari kubaki na mgonjwa mmoja mzima na madaktari sitini viziwi?"

Wajumbe walipiga meza. Nasikiwa akasema huyu ni mtu, atakufa. Profesa akamjibu kwa upole kwamba hilo linazingatiwa, na ndiyo maana limewekwa chini ya mengineyo.

Mwanasheria wa hospitali akafungua Kanuni ya Kumi na Nne, akaisoma yote. Kwa ufupi inasema kifaa cha kufundishia hakitabadilishwa hali yake mpaka kipatikane mbadala wenye sifa zinazolingana nacho. Ikaamuliwa, kwa huruma, kwamba mbadala akipatikana kabla ya Jubilei na sauti yake ikathibitishwa, basi Chamwingo afutwe kwenye daftari na apewe ile nafasi ya saba.

Ijumaa alikuja mkewe, Mama Zawena, na uji wa ulezi kwenye chupa ya chai. Alikuja kila Ijumaa, miaka kumi na tisa, hakukosa ila mbili, moja ya msiba na moja ya mafuriko. Nyumbani ile karakana ya baiskeli bado ilikuwepo. Kila mwezi aliifungua, akapaka spana mafuta zisishike kutu, akajaza upepo pampu kuona kama bado inavuta, akafunga.

Chamwingo alimweleza. Mama Zawena alisikiliza, chupa mkononi, uji haujamiminwa.

"Baba Zawena, usinichezee."

"Sikuchezei. Imeandikwa."

"Wiki mbili zile?"

"Zile zile."

Mama Zawena alifungua mkoba, akatoa shati la kahawia. Kumbe alikuwa akilibeba kila mara, siku zote hizo, limekunjwa, limepigwa pasi. Ndilo alilokuja nalo hospitalini akiwa fundi mwenye mabega. Akalitundika kwenye msumari juu ya kitanda. "Litakuwa kubwa," alisema, "lakini si utanenepa." Kisha akainamisha kichwa kwenye ukingo wa kitanda, palipoandikwa 0017, akalia kidogo.

Hospitali nayo haikulala. Gari la matangazo lilipita vijijini: mwananchi yeyote mwenye moyo unaovuma ajitokeze, atapewa khanga na soda. Wakajitokeza wengi. Wengine walikuwa na kikohozi, wengine na mapenzi, mmoja alikuwa na njaa tu. Ilipobaki siku moja, akaletwa mwanamke wa miaka ishirini na mbili anaitwa Sihaba, mkulima wa karanga, aliyekuwa hawezi tena kupandisha ndoo ya maji kwenye kilima cha kwao bila kukaa chini mara tatu.

Profesa Mtengeti alimsikiliza, akasema ndiye. Profesa wa pili akasema ndiye, ila alikuwa amesikiliza upande wa kulia. Wa tatu akasema anasikia vizuri sana, na stetoskopu ilikuwa bado shingoni. Wasilaumiwe. Kwa miaka mingi masikio yao yalikuwa yamesikiliza hotuba na jenereta, mambo madogo yalikuwa hayaingii tena. Mwanasheria akafungua kanuni nyingine, inayosema uthibitisho utatolewa na msikilizaji mwenye uzoefu mrefu kuliko wote. Wakatazamana. Huyo alikuwa kitanda cha dirishani.

Sihaba akawekwa kitanda cha jirani na Chamwingo, na kwa kuwa hospitali inajali muda, namba 0018 ilishapakwa kwenye kitanda hicho kabla hajathibitishwa. Rangi ilikuwa mbichi. Ilipofika mchana ilikuwa imeshika kwenye khanga yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Umetoka mbali?"

"Ng'ambo ya mto. Nimemwacha mtoto kwa jirani, ana miaka miwili. Halali bila kushika khanga yangu, na khanga nimekuja nayo, sijui kwa nini sikufikiri." Alikuwa akiisugua ile rangi kwa mate. "Lakini si neno. Wamesema ni wiki mbili tu."

Mchana ule Chamwingo hakunywa uji wa wodini.

Daktari Nasikiwa alipopita alikuwa na furaha, na furaha yake haikutulia. "Baba, kesho ukithibitisha, keshokutwa unaingia chumba cha upasuaji. Nimeongea na mabingwa wenyewe. Utatoka kwa miguu yako."

"Na huyu binti?"

Nasikiwa alitazama dirishani. "Akithibitishwa anaingia kwenye kanuni."

"Asipothibitishwa?"

"Anakuwa mgonjwa wa kawaida. Ningemwandika kwenye orodha leo hii. Lakini nafasi ni moja, baba. Na yeye anaweza kusubiri kuliko wewe."

"Anaweza kusubiri," Chamwingo alisema. "Mimi pia niliweza."

Siku ya Jubilei nyasi za mbele zilifyekwa, mapazia yakawekwa hata kwenye madirisha yasiyo na vioo, na wagonjwa waliokuwa wakilala wawili wawili wakaombwa kulala mmoja mmoja mpaka mgeni aondoke, wale waliozidi wakakaa jikoni. Mgeni rasmi alikuwa Waziri wa Afya, Jubilei na Mawe ya Msingi, naye ni daktari. Aliweka jiwe la tano kwa niaba ya Rais wa Tano, akasafisha koo.

"Wananchi, hospitali hii imetoka mbali. Wakati inaanza haikuwa na hata jiwe moja. Leo ina mawe matano! Wapo watu wachache, wenye macho mabaya, wanaouliza dawa ziko wapi. Nawauliza mimi, dawa inakaa miaka mingapi kabla haijaharibika? Miwili. Na jiwe? Sasa nani anawekeza, na nani anapoteza?"

Wanafunzi sitini waliimba historia ya hospitali, beti kumi na nne. Mkunga wa banda la chumvi hakutokea katika ubeti wowote. Halafu kitanda 0017 kikasukumwa mpaka jukwaani na mwenyewe juu yake, shati la kahawia limekunjwa chini ya mto, maana Mama Zawena alisema alichukue kabisa wasije wakaliiba wageni. Sihaba akaketishwa kwenye kiti mbele yake. Jukwaani pale palikuwa na madaktari thelathini wa vyeo vyote.

Chamwingo akavaa stetoskopu, akaiweka kifuani kwa yule mwanamke, palepale anapojiwekea mwenyewe.

Lab. Tik. Na ule mvumo.

Ulikuwa wenyewe. Ulikuwa wake, ila mpya, safi, kama alivyokuja nao yeye siku ile anasukuma baiskeli. Miaka kumi na tisa ilikuwa haijaugusa. Alisikiliza muda mrefu, na sitaki mumfikirie kuwa malaika, kwa sababu jambo la kwanza alilofikiria lilikuwa shati. Akafikiria karakana, harufu ya mpira na gundi, na mkewe anajaza pampu upepo ambao hautumiki. Neno lilikuwa jepesi: ndiye. Kila mtu pale alikuwa analisubiri, na lilikuwa kweli. Midomo yake ilikwisha kulianza. Ndipo Sihaba akamnong'oneza, pumzi fupi, "Baba, nipumue au nisipumue?"

Alikuwa na kila dalili ya kuwa mzuri katika kazi hiyo. Angefundisha vizuri. Angedumu hata miaka ishirini.

Chamwingo akavua stetoskopu. "Huyu hafai," alisema.

Kipaza sauti kilikoroma. Profesa Mtengeti akainama. "Unasema, Mzee?"

"Hafai kufundishia. Mvumo hafifu, umechanganyika, mwanafunzi hatajifunza kitu hapa. Ni mgonjwa wa kawaida tu. Mtibuni aende zake."

Jukwaa lilijaa minong'ono. Daktari Nasikiwa alikuwa ameusikia mvumo ule kwa masikio yake mwenyewe, na alijua ni nini kinaendelea, na alijua kinamgharimu nani. Akasimama. Akafungua mdomo aseme kwamba mzee anadanganya.

Pale mwisho wa blanketi fupi la serikali, kidole gumba cha mguu wa kulia kikainuka.

Nasikiwa alikuwa mgeni, hakupitia mtihani ule, lakini alikwisha kusimuliwa na wanafunzi wake. Akanyamaza. Na si yeye tu. Madaktari wote thelathini walikuwa wamekiona. Profesa Mtengeti, aliyekuwa na swali, akaliacha njiani. Profesa aliyesikiliza upande wa kulia akashusha mkono. Waziri mwenyewe, ambaye alikuwa ameanza kusema "Lakini kwa maoni yangu," akafunga mdomo kwa nguvu mpaka meno yakagongana, na akasimama wima, macho mbele, kama kijana wa mwaka wa tano anayemwomba Mungu afaulu mtihani. Kidole hakikushuka.

Aliyekuja kuokoa hali ni Mkurugenzi, na ndiyo maana ni Mkurugenzi. "Mheshimiwa Waziri," alisema, "leo imethibitika kisayansi kwamba mali yetu haina mfano duniani!" Watu walipiga makofi, bendi ikapiga, na Chamwingo akavalishwa taji la maua na kupewa cheti cha Kifaa Bora cha Miaka Sitini.

Sihaba alipasuliwa Alhamisi. Siku ya tisa alitembea mwenyewe mpaka getini, akayazunguka mawe yote matano bila kukaa chini hata mara moja. Kabla ya hapo alikuwa amepita kwa Chamwingo kuaga. Hakujua ashukuru nini hasa, kwa sababu hakuna aliyemwambia. "Asante kwa kunisikiliza, baba," alisema. Ile 0018 nyekundu ilikuwa bado kwenye khanga.

Daktari Nasikiwa alipata barua ya uhamisho, kwenda zahanati ya mpakani ambako, kwa mujibu wa barua, kipaji chake kingepata nafasi. Aliahidi kumwandika Chamwingo kwenye kambi ijayo. Kambi huja na Jubilei, na Jubilei ni kila baada ya miaka kumi. Wote wawili walijua kuhesabu, kwa hiyo walizungumza habari nyingine.

Ijumaa ya wiki ile ya Jubilei Mama Zawena alikuja na uji. Alikuwa ameshasikia. Nchi ile habari za hospitali hutangulia.

"Niliolewa na wewe, au niliolewa na wodi?"

Chamwingo alimsogezea kikombe.

"Ningekuwa mimi nisingefanya," alisema mkewe. "Nakwambia kweli. Ningesema ndiye, nikaja zangu nyumbani, nikaomba msamaha huko mbele." Alimimina uji, ukamwagika kidogo kwenye shuka. Akaupangusa. Kisha akauliza kwa sauti nyingine, "Ana mtoto?"

"Anaye. Wa miaka miwili."

"Zawena alikuwa darasa la pili ulipokuja huku," alisema Mama Zawena. Alilikunjua shati la kahawia, akalikung'uta, akalitundika tena kwenye msumari wake. "Kunywa kabla haujapoa."

Mvua zilipokaribia kuisha, mito ilikuwa sita na Chamwingo alikuwa halali tena, anaegemea. Mchana mmoja akaja mwanafunzi wa mwaka wa tano, binti mwenye daftari lililojalidiwa vizuri. Mitihani ilikuwa karibu. Aliamkia, akaomba kufanya mazoezi.

"Karibu. Weka hapo. Unasikia nini?"

"Lab, tik, mvumo." Akakunja uso. "Halafu mapigo yanaruka, Mwalimu. Moja linakawia, mawili yanafuatana. Hayana mpangilio. Kwenye kitabu cha Profesa hayaruki."

"Ni kweli hayamo. Andika. Sasa njoo mgongoni, chini kabisa."

"Kama mtu anakanyaga majani makavu."

"Hayo ni maji. Zamani yalikuwa yanaishia chini, sasa yamepanda mpaka hapa juu. Andika, na uandike na tarehe. Kisha bonyeza mguu."

Binti alibonyeza, akatazama shimo lililobaki, akaandika yote kwa mwandiko mzuri na kupiga mistari kwa rula. Kidole gumba cha kushoto kiliinuka taratibu, kwa shida, kwa sababu mguu ulikuwa umevimba. Alikiona, akafurahi kwamba amepatia.

"Mwalimu," aliuliza, "na hii itatoka kwenye mtihani?"

Chamwingo aligeuza kichwa akatazama shati la kahawia, kisha akamtazama yule binti, akamhurumia kama alivyowahurumia wote.

"Itatoka, mama," alisema. "Ila ni mara moja tu. Hebu sikiliza tena."